Ukikwama mpakani, dai karatasi

Mtu wa Nairobi akisimamishwa na afisa mwenye sare ana mbinu tatu, na zote amezifunzia nyumbani. Ya kwanza ni kunyenyekea: "Mkubwa, nisaidie tu, mimi ni mtoto wako." Ya pili ni kuelewana, na hapo noti iliyokunjwa ndani ya leseni hujieleza yenyewe. Ya tatu ni kupanda juu: "Unanijua mimi?" huku kidole kikitafuta kwenye simu namba ya mheshimiwa fulani. Hapa jijini mbinu hizi zina mavuno, na nimeona dereva mmoja akizitumia zote tatu kabla foleni ya Barabara ya Thika haijasogea. Ndiyo maana tunazifunga kwenye begi pamoja na nguo. Tukifika ugenini tunakutana na kijana mtulivu nyuma ya kioo ambaye hataki kunyenyekewa, hataki noti, na hajawahi kumsikia mheshimiwa wetu.

Kasoro ya mbinu zote tatu ni ileile. Zinamshughulikia afisa kama mtu: alainike, ale, au aogope. Wakati sisi tunahangaika na roho yake, yeye anaandika. Alichoandika kitasomwa na mwenzake wa zamu inayofuata, kitasomwa na ubalozi utakapoomba viza tena baada ya miaka minne, na kitasomwa na hakimu ikiwa mambo yatafika huko. Sura yako ya huzuni haitakuwepo siku hiyo, wala hasira yako. Msafiri anayekwama mbele ya afisa wa nchi nyingine ana jambo moja tu la kupigania, nalo ni maandishi: yawe sahihi, yawe na sababu, na yeye apate nakala. Mengine yote, pamoja na heshima iliyovunjwa, yanaweza kungoja.

Najua si rahisi, kwa sababu hofu yetu ya maafisa ina anwani. Jengo la Nyayo House, ambako wakazi wa Nairobi wamepanga foleni za pasipoti mwaka baada ya mwaka, ndimo mlimokuwa na vyumba vya mateso chini ya ardhi katika miaka ya 1980, vyumba ambavyo wananchi walifunguliwa milango kuviona mwaka 2003. Juu unaomba kusafiri, chini walikuwa wanavunjwa watu. Mwananchi aliyekulia katika mji wenye jengo kama hilo hazungumzi na afisa wa serikali kama mlipa kodi anavyozungumza na mtumishi wake. Anaomba, na akichoka kuomba analipuka. Kati ya kuomba na kulipuka hatukufundishwa kitu.

Tuanze na msingi wa kisheria, maana wengi huukosea. Viza si ruhusa ya kuingia. Kanuni ya viza ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inasema waziwazi, katika kifungu cha 30, kwamba kuwa na viza peke yake hakumpi mtu haki ya kuingia moja kwa moja. Ulilipa ada, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90 na hairudishwi, ukapeleka taarifa za benki za miezi kadhaa na barua ya mwajiri, na bado afisa wa Frankfurt au Paris anaweza kukuuliza yaleyale upya na asiridhike. Marekani maafisa wa mpaka wanaweza kupekua simu yako bila kibali cha mahakama, na mgeni anayekataa kuifungua anaweza kurudishwa alikotoka. Uingereza, Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000 linampa afisa wa bandarini au uwanja wa ndege mamlaka ya kumzuia msafiri na kumhoji hadi saa 6 bila kulazimika kumshuku kwanza, na kukataa kutoa neno la siri la simu ni kosa la jinai. Kwa hiyo anayesimama Heathrow, uwanja wa ndege wa London, akihubiri haki zake kwa sauti anajisumbua. Pale kwenye kaunta mgeni ana haki chache mno kuliko alizo nazo hatua mia mbili mbele, akishatoka nje kwenye teksi.

Tena afisa wa kwanza wa nchi ya kigeni hayuko Heathrow. Yuko Embakasi, kwenye uwanja wetu wa Jomo Kenyatta, kwenye kaunta ya shirika la ndege, amevaa skafu na ana tabasamu. Chini ya kanuni za usafiri wa anga zinazotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, shirika lililombeba abiria aliyekataliwa ndilo linalotakiwa kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Karani anayekataa kukupa kadi ya kupandia ndege hana haja na nia yako ya kusafiri. Anahesabu hasara. Nimewaona watu wakimwita mbaguzi, mchawi, adui wa maendeleo, ilhali tatizo lilikuwa ni viza ya kupitia tu katika nchi ya katikati. Mwombe akuonyeshe kwenye skrini kanuni anayoitumia, kisha aandike sababu ya kukataa kwenye rekodi ya tiketi yako. Ukidai kurudishiwa pesa baadaye, hiyo ndiyo itakayozungumza.

Lakini mahali ambapo maandishi yanaweza kugeuza maisha ni kile chumba cha nyuma cha viwanja vya Marekani, chenye viti vya plastiki na simu zisizoruhusiwa kutumika. Abiria ametoka Nairobi, amekaa hewani saa 14 au zaidi, hajala vizuri, na nje kuna ndugu anamsubiri. Afisa anamwapisha, anauliza swali, anachapa jibu, anauliza jingine. Mwisho anatoa kurasa kwenye mashine na kumwambia aweke herufi za jina lake chini ya kila ukurasa, na sahihi mwishoni. Watu wengi hutia sahihi bila kusoma, wakiamini kwamba kutii haraka kutawatoa haraka. Kumbe wanatia sahihi ushahidi. Akiamuliwa kuondolewa kwa utaratibu wa haraka, hatakiwi kurudi Marekani kwa miaka 5, na katika visa vya uongo au hati bandia marufuku huweza kuwa ya maisha.

Fikiria bibi kutoka Kayole anayekwenda kumwona bintiye aliyejifungua. Anaulizwa atafanya nini huko. Anajibu kwa furaha kwamba atakaa na mtoto ili mama yake arudi kazini. Kwetu hilo ni jibu la bibi yeyote mwenye akili timamu. Kwenye ukurasa wa afisa linasomeka kama mgeni mwenye viza ya matembezi anayekuja kufanya kazi ya kulea mtoto. Hapo kulia hakusaidii, na kumwambia afisa kwamba naye ana mama hakusaidii pia. Kinachosaidia ni sentensi moja kabla ya sahihi: "Silipwi, ninamtembelea binti yangu, na tiketi yangu ya kurudi ni ya tarehe fulani. Naomba uyaandike haya." Afisa akikataa kuandika, basi na sahihi isitolewe kwa ukurasa ambao si wa kweli. Na kama afisa ameshaamua kwamba hataingia, bado kuna ombi moja ambalo wengi hawalijui: kuomba kuondoa maombi ya kuingia na kurudi kwa hiari. Afisa halazimiki kukubali, ila akikubali, ile marufuku ya miaka 5 haiwekwi. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili ni fomu gani imejazwa.

Hapa nina neno na wenzangu tuliosoma shule za Nairobi. Tunaona aibu kuomba mkalimani, kwa sababu Kiingereza tumekisoma tangu chekechea. Yule bibi anaona kuomba mkalimani wa Kiswahili ni kukiri ushamba. Ni kiburi ghali sana. Mkalimani hukupa muda wa kufikiri kati ya swali na jibu, na hupunguza uwezekano wa jibu lako kuandikwa kwa maana usiyoikusudia. Mawakili wakubwa wa dunia hawajibu maswali ya kiapo haraka haraka. Sijui sisi tunakimbilia wapi.

Na tusijifanye kwamba kila swali gumu ni uonevu. Mwaka 2022, na tena mwaka 2025, serikali ililazimika kuwarudisha nyumbani vijana Wakenya waliokuwa wameahidiwa kazi Thailand wakajikuta wamefungiwa Myanmar, kwenye kambi za utapeli wa mitandaoni. Afisa anayemsimamisha kijana wa miaka 22 mwenye tiketi ya kwenda Bangkok na hajui jina la mwajiri wake, na kumuuliza maswali kumi, huenda ndiye mtu pekee anayemtakia mema siku hiyo. Kinachonisumbua si swali. Ni pale swali linapokwisha kwa "rudi nyumbani" bila mstari mmoja wa maelezo.

Wazungu wa Schengen, pamoja na ukali wao wote, wamelitengeneza hili vizuri kuliko sisi. Kanuni yao ya mipaka, kifungu cha 14, inamtaka afisa anayemkataa mtu ampe uamuzi ulioandikwa kwenye fomu maalumu, wenye sababu mahususi iliyowekewa alama, na haki ya kukata rufaa. Rufaa haimzuii kurudishwa siku hiyo. Anapanda ndege vilevile. Lakini anapanda na karatasi inayosema kama alikosa uthibitisho wa malazi, au pesa za kutosha, au jina lake limo kwenye orodha fulani. Karatasi hiyo inaweza kujibiwa. Ukirudishwa kwa mkono tu, utajibu nini?

Jirani zetu hawana budi kujua jibu, kwa sababu kesi ilishaamuliwa Arusha. Tarehe 13 Aprili 2011 wakili Mkenya Samuel Mohochi alitua Entebbe pamoja na wenzake kwa shughuli za kikazi. Wenzake wakaruhusiwa. Yeye akazuiwa uwanjani, akarudishwa Nairobi siku hiyohiyo, na hakuelezwa kosa lake. Hakupigana na askari. Alikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na Mei 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Itifaki ya Soko la Pamoja. Uganda ilikuwa imejitetea kwa hoja ya mamlaka yake kama taifa huru: nchi ni yetu, tunamfukuza tumtakaye. Majaji walisema nchi ikishatia sahihi mkataba, haiwezi kutumia mamlaka hayo kukwepa ilichokubali, na raia wa Jumuiya hawezi kurudishwa bila kuelezwa sababu wala kupewa nafasi ya kujitetea. Itifaki yenyewe, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inaruhusu nchi kumzuia mtu kwa ajili ya usalama, afya au utulivu wa umma. Kisha inaongeza sharti ambalo maafisa wetu wa mipakani hulisahau: nchi inayoweka kizuizi hicho iziarifu nchi nyingine wanachama.

Uamuzi huo unafaa kunakiliwa na kubandikwa kwenye kila basi linalotoka River Road usiku kwenda Kampala na Arusha, maana ni kwenye mipaka ya nchi kavu ndiko watu wa kawaida hukwaruzana na maafisa, mbali na kamera. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya mpaka mmoja ambao sitautaja, usiku wa manane, kila mtu macho mekundu. Mbele yangu alikuwa mama wa makamo mwenye kikapu. Afisa wa afya aliichukua kadi yake ya manjano ya chanjo, akaisogeza chini ya balbu, akapitisha kidole kwenye tarehe.

"Mama, hii imeisha. Ni ya miaka kumi tu. Utachanjwa tena hapa, ama tuongee."

Utingo wa basi akapiga mluzi nyuma. "Mama, muongee basi, tunachelewa."

Mama akaanza kufungua fundo la leso yake, na nusu ya foleni ikageukia pembeni kwa adabu, kama tunavyofanya siku zote mwenzetu anapokamuliwa. Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua akasogea, bila haraka, bila kupandisha sauti. "Samahani, afisa. Tangu mwaka 2016 kadi hii ni ya maisha. Kama hapa kwenu kuna sheria nyingine, tuandikie mistari miwili na upige muhuri, mama apeleke ubalozini kwake." Afisa akamtazama mzee, akaitazama kadi, akaitazama foleni. Akairudisha. "Endelea, mama." Mama akafunga fundo lake, akasema, "Asante, mwanangu," na sikujua anamwambia yupi kati yao.

Mzee alikuwa sahihi. Shirika la Afya Duniani lilibadili Kanuni za Kimataifa za Afya, na tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinahesabiwa kuwa halali kwa maisha yote ya mwenyewe, pamoja na vile vilivyotolewa zamani vikiwa na tarehe ya mwisho. Lakini angalia alichokifanya. Hakusema afisa ni mwizi. Alimpa afisa njia mbili: ama sheria ipo, na basi iandikwe, ama haipo, na basi mama apite. Dai la chai haliandikiki. Na afisa mwaminifu aliyeombwa kuandika hapotezi chochote ila wino.

Vituo vya pamoja vya mpakani vimerahisisha kazi hii kuliko tunavyodhani. Pale Namanga, anayekwenda Tanzania hasimami tena pande mbili. Anagongewa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania ndani ya jengo lilelile, upande anaokwenda. Maana yake ni kwamba afisa wa Kenya yuko chini ya paa hilohilo unapobanwa. Mwendee, mweleze, mwombe aandike kwamba ulifika kwake na saa uliyofika. Hana uwezo wa kukuingiza Tanzania, na asikudanganye kwamba anao. Lakini yupo, na analipwa na wewe.

Kuna mikwaruzano ambayo karatasi haikutoi, na hiyo niipite haraka. Miraa ni halali Meru na Eastleigh. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2014, na Tanzania ni dawa za kulevya. Mifuko ya plastiki tuliiharamisha wenyewe Agosti 2017, Rwanda ilishaharamisha mwaka 2008, Tanzania ikafuata Juni 2019, na bado watu hushangaa kunyang'anywa mpakani. Tramadol, dawa ya maumivu, uliyoandikiwa na daktari wako wa hapa inaweza kukuweka ndani Dubai. Begi la mtu mwingine usilibebe, hata akiwa mpwa wako. Basi.

Ninachotaka kukaa nacho ni upande wa pili wa hoja hii. Kama karatasi ndiyo kinga, basi mahali pa kuogopwa kuliko pote ni pale ambapo hakuna anayeandika. Mei 2025 Wakenya kadhaa walisafiri kwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani wa Tanzania. Mwanasiasa na wakili Martha Karua alizuiwa uwanja wa ndege akarudishwa. Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga akarudishwa pia. Ilikuwa fedheha, na Rais Samia Suluhu Hassan alisema hadharani kwamba hatawaruhusu wanaharakati wa nje kuingilia mambo ya nchi yake. Lakini waliorudishwa walirudi kwa ndege, kwa majina yao, na saa inajulikana. Wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikuwa wameshaingia. Walichukuliwa tarehe 19 Mei. Siku kadhaa hakuna aliyesema waziwazi wako wapi, wala kosa lao ni lipi. Mwangi akaachwa Ukunda, pwani ya Kenya, Atuhaire akaachwa mpakani Mutukula, na wote wawili wakaeleza mateso ambayo siwezi kuyarudia hapa kwa maneno yao.

Serikali ya Kenya ililalamika, safari hiyo, kwamba maafisa wake wamenyimwa nafasi ya kumwona raia wao, na ikautaja Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu shughuli za kibalozi. Kifungu cha 36 cha mkataba huo ndicho kila msafiri anapaswa kukijua kwa moyo. Ukikamatwa nchi ya kigeni, wenye nchi wanatakiwa kukuambia bila kuchelewa kwamba unaweza kuomba ubalozi wako uarifiwe, na ukiomba, wauarifu bila kuchelewa. Ukinyamaza, hawalazimiki kupiga simu. Si sharti la kupamba. Ujerumani iliipeleka Marekani kwenye Mahakama ya Haki ya Kimataifa, The Hague, kwa ajili ya ndugu wawili, Karl na Walter LaGrand, waliohukumiwa kifo Arizona bila kuambiwa haki hiyo, na Juni 2001 mahakama ikaamua kwamba Marekani ilivunja wajibu wake, kwa nchi na kwa watu wenyewe. Ndugu hao walikuwa wameshauawa kwa hukumu hiyo mwaka 1999. Ukweli ni kwamba balozi hawezi kukutoa jela wala kukulipia wakili. Anachoweza ni kukutembelea, kuwaarifu ndugu, kukupa orodha ya mawakili na kuufanya utawala wa pale ujue kwamba kuna mtu anahesabu siku. Namba yake iandike kwenye karatasi, mfukoni. Simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Oktoba 2025 ikawa Kampala. Wanaharakati Wakenya Bob Njagi na Nicholas Oyoo walichukuliwa tarehe 1 wakiwa huko kwenye kampeni za Bobi Wine, mpinzani wa Rais Museveni, na wakaachiliwa Novemba 8. Katikati hapo hapakuwa na hati ya mashtaka wala kitabu cha kituo cha polisi chenye majina yao. Rais Yoweri Museveni mwenyewe ndiye aliyekuja kusema baadaye kwamba waliwekwa kwenye friji, yaani walizuiliwa. Rais wa nchi, na daftari la kituo cha polisi likiwa tupu.

Tungekuwa na haki ya kupaza sauti zaidi kama mikono yetu ingekuwa safi. Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani wa Uganda, alichukuliwa hapa Nairobi tarehe 16 Novemba 2024, na siku nne baadaye akasimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Sheria yetu ya kuwarejesha washukiwa nchi jirani inataka mshukiwa apitie kwa hakimu. Besigye hakupitia kwa yeyote. Januari 2025 mwanaharakati wa Tanzania Maria Sarungi Tsehai akanyakuliwa mchana hapahapa jijini, akaachiliwa baada ya saa chache. Na kabla ya wageni tulianza na wetu. Machi 2018 Miguna Miguna, wakili na mpinzani wa serikali, alikaa kwenye choo cha jengo la pili la abiria la uwanja wa Jomo Kenyatta, mahakama ikitoa amri na serikali ikizipita, hadi alipopakiwa ndege ya Dubai. Watu walimcheka kwa ukaidi wake. Alikuwa ametakiwa ajaze fomu za kuomba uraia ambao yeye alisema hakuwahi kuupoteza, na alikataa kuzijaza. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake zilikuwa zimekiukwa. Alirudi Oktoba 2022. Angekuwa ametia sahihi zile fomu ili apate kitanda cha usiku mmoja, kesi yake ingekuwa ngumu zaidi, maana angekuwa amekubali kwa mkono wake kwamba ni mgeni.

Kwa hiyo ninapomsikia waziri akisema kwamba Wakenya wanaonewa nje, nauliza tunawapa nini wanaokuja kwetu. Mnaijeria au Msomali anayezuiwa pale Embakasi anaondoka na karatasi gani? Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu, si raia peke yake, haki ya kutendewa kwa haki na maafisa wa utawala, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomuumiza. Sheria ya utekelezaji wake ipo tangu mwaka 2015.

Hatuhitaji mkutano wa marais kulitenda hilo. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha: jina, saa, sababu iliyowekewa alama, kanuni iliyotumika, namba ya afisa, mahali pa kukata rufaa, na nakala mbili. Ianze Namanga, Busia, Malaba na Embakasi, itolewe kwa kila anayekataliwa, awe Mtanzania mwenye debe la asali au Mzungu mwenye pasipoti iliyochanika. Wabunge wetu tisa walioko Bunge la Afrika Mashariki waipeleke Arusha baadaye, ikiwa na mwaka mmoja wa matumizi nyuma yake, ndipo Mkenya atakayerudishwa kutoka Entebbe au Dar es Salaam awe na cha kudai kwa mfano wa kwao wenyewe. Idara ya uhamiaji ina wachapishaji. Rimu ya karatasi Mtaa wa Luthuli haifiki bei ya viza moja.